Watoto wa mama Shahidi wa Yehova waliimbaje albamu nzima ya Krismasi? (Jackson 5, 1970)

#1 KinandaChaBabu (mleta uzi)

Salaam wakuu. Kila ikifika Desemba, redioni na madukani husikika sauti ya mtoto anayeapa kwamba amemwona mama yake akimbusu Baba Krismasi, na mwishoni anawabishia kaka zake wasiomwamini, akisema atakwenda kumwambia baba. Mtoto huyo ni Michael Jackson, na wimbo huo ndio unaofunga albamu ya Krismasi ya Jackson 5, kundi lake na kaka zake wanne, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Motown tarehe 15 Oktoba 1970.

Nimeisikiliza albamu hii tangu nikiwa mdogo bila kujiuliza lolote, mpaka nilipotambua kwamba mama yao, Katherine, alijiunga na Mashahidi wa Yehova mwaka 1963 na akawalea wanawe katika imani hiyo. Mashahidi, kama tunavyojua sote tunaoishi nao mtaani, hawasherehekei Krismasi. Iliwezekanaje basi watoto wa nyumba hiyo wasimame mbele ya maikrofoni na kuimba nyimbo 11 za sikukuu ambayo sebuleni kwao haikuwepo? Mimi naamini baba yao, Joseph, ndiye aliyeamua, kwa kuwa yeye hakuwa Shahidi, na mkataba wa Motown aliusaini yeye kwa niaba ya wanawe. Wenye maelezo mengine karibuni.

#2 Mama_Tukuyu

Asante kwa uzi, mkuu. Kwa maoni yangu unamtafuta mwamuzi nyumbani kwa akina Jackson wakati mwamuzi alikuwa ofisini Motown. Tazama kalenda yao. Albamu ya kwanza ilitoka Desemba 1969, ya pili Mei 1970, ya tatu Septemba 1970, na hii ya Krismasi Oktoba. Hizo ni albamu nne kabla mwaka haujatimia, na katikati yake kuna "I Want You Back", "ABC", "The Love You Save" na "I'll Be There", ambazo zote nne zilifika nafasi ya kwanza Marekani. Albamu ya Krismasi ilipoingia sokoni, "I'll Be There" ilikuwa ndiyo kwanza imefika kileleni. Hakuna kampuni ya muziki ambayo ingekuwa na kundi la namna hiyo mkononi ikakubali Desemba ipite bure.

Isitoshe, Motown ilikuwa na desturi hiyo kabla hata haijawasaini watoto hawa. Miracles walirekodi albamu ya Krismasi mwaka 1963, Supremes mwaka 1965, Stevie Wonder mwaka 1967, na mwaka huohuo wa 1970 Temptations nao walitoa ya kwao. Msanii akishaanza kuuza, zamu yake ya Krismasi inafika, awe wa dini gani.

#3 FundiRedio_77

Naungana na Mama_Tukuyu. Tukumbuke pia kwamba hawa walikuwa watoto, wote chini ya miaka 15, hivyo hakukuwa na wa kuulizwa dhamiri yake. Walipewa karatasi ya maneno wakaimba. Albamu ikapata cheti cha dhahabu mwaka uleule, na mambo yakaishia hapo.

#4 Hakiki

Ndugu FundiRedio, ujumbe wako ni mfupi lakini una mambo mawili ambayo hayawezi kuachwa yapite. Kwanza, hawakuwa wote chini ya miaka 15. Jackie alizaliwa Mei 1951, kwa hiyo alikuwa na miaka 19, mtu mzima kabisa. Jermaine alikuwa anakaribia miaka 16, Marlon 13 na Michael 12. Tito alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1953, maana yake siku albamu ilipotoka alikuwa anatimiza miaka 17. Si ajabu umri wao ukakuchanganya, kwa sababu Motown yenyewe ilipowatangaza kwa umma ilimpunguzia Michael miaka miwili ili aonekane wa ajabu zaidi.

Pili, suala la cheti. Katika miaka ile Motown haikukubali vitabu vyake vya mauzo vikaguliwe na RIAA, chama kinachotoa vyeti hivyo Marekani, kwa hiyo hakuna albamu ya Motown ya mwaka 1970 iliyoweza kupata cheti rasmi cha dhahabu mwaka huo. Linaloweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba msimu huo iliongoza chati maalumu ya jarida la Billboard ya albamu za Krismasi, na tangu hapo haijakoma kuchapishwa upya.

#5 Bwana_Kipaza

Hebu nielewe vizuri. Mashahidi hawasherehekei siku za kuzaliwa pia. Kwa hiyo albamu ya sikukuu ambayo nyumba hiyo haiisherehekei ilitoka siku ya kuzaliwa ambayo nyumba hiyo haiisherehekei. Aliyepanga tarehe pale Motown alikuwa na ugomvi gani na mama wa watu?

#6 Mnara_wa_Asubuhi

Mimi ni Shahidi wa Yehova, na nimeusoma uzi kwa utulivu kwa sababu haukuandikwa kwa kejeli, ukimwondoa Bwana_Kipaza ambaye tumemzoea. Naomba kuongeza mambo ambayo wengi hawayafahamu.

Msimamo wetu kuhusu Krismasi haukuwepo tangu mwanzo wa tengenezo. Ndugu wa makao makuu Brooklyn walikuwa wakiisherehekea, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1926. Waliacha kwa sababu waliona kuwa tarehe na desturi nyingi za sikukuu hiyo zilitoka katika ibada za kipagani, na kwamba Biblia haikuagiza kuzaliwa kwa Yesu kuadhimishwe. Kwa hiyo mwaka 1970 jambo hilo lilikuwa limeshatulia, na mama yeyote Shahidi angelijua vizuri.

Hata hivyo, tunafundishwa pia kwamba mume ni kichwa cha familia, hata asipokuwa mwamini. Mama Shahidi mwenye mume asiye Shahidi hufundisha watoto, husali nao, huenda nao Jumba la Ufalme, yaani mahali petu pa ibada, na katika utumishi wa shambani, yaani kuhubiri nyumba kwa nyumba, lakini hawezi kuiendesha nyumba kana kwamba mume hayupo. Akina Jackson walikuwa nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo namwelewa mleta uzi anapomtaja baba. Kilichonisumbua ni hilo la kudokeza kwamba mama hakuwa na uzito. Mwaka 1963 Michael alikuwa na miaka mitano tu, naye aliendelea kuhubiri nyumba kwa nyumba mpaka ukubwani, hata baada ya albamu yake "Thriller", akivaa vitu vya kumficha ili watu wasimtambue mlangoni. Mama asiye na uzito hapati mtoto wa namna hiyo.

#7 Kwaya_Mwanza

Nimerekodi na kwaya kwa muda mrefu, na ningependa mtu aliyewahi kusimama studio aungane nami katika hili: albamu ya Krismasi hairekodiwi Krismasi. Sisi huingia studio mwezi wa Juni au Julai, feni imezimwa ili isisikike kwenye maikrofoni, madirisha yamefungwa, waimbaji wanatokwa na jasho, na katikati ya "Gloria" mtu anauliza chakula cha mchana kitaletwa saa ngapi. Hakuna anayejisikia yuko kwenye sikukuu. Sauti ya tatu inakosea, mnarudia mstari uleule mpaka maneno yanapoteza maana, na aliyeko upande wa pili wa kioo anataka pumzi zenu zisisikike.

Akina Jackson walikuwa wameshahamia Los Angeles, na sehemu kubwa ya albamu hii ilirekodiwa katika kiangazi cha 1970. Ala zilipigwa na wanamuziki wa kulipwa wa studio, wala si Tito na Jermaine kama tunavyowaona jukwaani. Kazi ya ndugu hao ilikuwa kuimba. Kwa mtoto wa miaka 12 ambaye wiki iliyopita alikuwa anarekodi wimbo wa mapenzi, huu ulikuwa wimbo mwingine wa kujifunza kabla ya jioni. Hata "The Christmas Song", ile ya njugu za chestnut juu ya moto na baridi inayouma pua, Mel Tormé na mwenzake Bob Wells waliiandika wakati wa joto kali mwaka 1945. Sioni kwa nini tunatafuta mgogoro wa imani mahali ambapo palikuwa na ratiba tu.

#8 Santuri_na_Sindano

Wakuu, mnabishana juu ya nani aliamua, na hakuna aliyezigeuza nyimbo zenyewe akazitazama moja moja. Mimi nimefanya hivyo, na kuna jambo.

Katika nyimbo 11, nne zinamhusu Baba Krismasi waziwazi: "Santa Claus Is Comin' to Town", "Up on the House Top", "Rudolph the Red-Nosed Reindeer" na "I Saw Mommy Kissing Santa Claus". Kuna "Frosty the Snowman", habari ya sanamu ya theluji iliyopata uhai. Kuna "Have Yourself a Merry Little Christmas" ya mwaka 1944 na hiyo ya chestnut aliyoitaja Kwaya_Mwanza, ambazo ni za nyumbani na marafiki. Kuna "Christmas Won't Be the Same This Year", ya mtu aliyeachwa na mpenzi. Kuna "Give Love on Christmas Day", ya upendo. Kuna "Someday at Christmas", ya amani. Wimbo unaomtaja mtoto aliyezaliwa Bethlehemu ni mmoja peke yake, "The Little Drummer Boy", na hata huo unasimuliwa na kijana maskini mwenye ngoma yake.

Linganisheni na ndugu zao wa Motown. Supremes waliweka "Joy to the World" na wimbo unaomtaja Maria. Stevie Wonder, ambaye naye alikuwa kijana tu, aliimba "Ave Maria" kwa sauti ya kutetemesha. Jackson 5 hawakupewa tenzi za kanisani hata moja. Kwangu mimi huo ndio mkono wa mama. Pengine hakuweza kuizuia albamu, ila kuna mtu alihakikisha kwamba watoto hawaimbi ibada.

#9 Mama_Tukuyu

Santuri_na_Sindano, hesabu yako ni nzuri, lakini hitimisho limeruka mto bila daraja. Supremes walikuwa wanawake wazima waliokuwa wakiuzwa kwa wazazi wa wanunuzi wa Jackson 5. Kundi la watoto linauzwa kwa watoto, na mtoto wa Marekani wa miaka minane anataka zawadi, theluji na yule mnyama mwenye pua nyekundu. Huyo Rudolph mwenyewe alizaliwa dukani: mwaka 1939 Robert L. May alimtungia hadithi kwa ajili ya kijitabu ambacho duka la Montgomery Ward liliwagawia watoto wa wateja, na wimbo ukafuata miaka kumi baadaye. Ukitaka kuwauzia watoto, hapo ndipo unapoanzia. Huhitaji mama Shahidi ili kueleza kwa nini hakuna "Ave Maria".

#10 Mnara_wa_Asubuhi

Nami nampinga Santuri_na_Sindano, ingawa ningependa awe sahihi. Hoja yake inachukulia kwamba kwa mama Shahidi Baba Krismasi ni nafuu kuliko hori la ng'ombe. Kwetu sisi ni kinyume kabisa. Kuzaliwa kwa Yesu ni habari ya Biblia na tunaisoma. Tunachokikataa ni sherehe, na Baba Krismasi pamoja na miti na mapambo ndiyo sehemu tunayoikataa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mtoto anaambiwa uongo. Kama mama angepewa kalamu aziondoe nyimbo mbaya, angebakiza huohuo wa mpiga ngoma na ule wa amani, halafu albamu isingejaa hata upande mmoja wa santuri.

#11 Binti_Kakamega

Sikupanga kuandika, lakini #6 na #10 zimenigusa. Mama yangu ni Shahidi na baba alikuwa Mwanglikana wa kwenda kanisani Pasaka na Krismasi tu. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa na sauti, na mwalimu wa muziki akanichagua niongoze wimbo katika tamasha la kufunga muhula, ambalo lilikuwa la Krismasi kwa kila kitu isipokuwa jina. Baba akasema nitaimba. Mama hakubishana naye mbele yetu. Alichukua ile gauni nyeupe niliyopewa shuleni, akaona pindo limefumuka, akalishona kwa mkono usiku ule chini ya taa ya chemni, akaipiga pasi, akaitundika nyuma ya mlango. Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye lango la shule, akageuka akarudi nyumbani. Baba ndiye aliyekaa kiti cha mbele akapiga makofi.

Wakuu, mnatafuta jibu moja, kwamba ama mama alikubali au alikataa. Mimi mpaka leo siwezi kuwaambia kama mama yangu alikubali au alikataa.

#12 Bwana_Kipaza

Binti_Kakamega, kwa hilo nimekosa utani. Asante.

#13 Gitaa_Bovu

Mnieleze jambo moja kuhusu sauti. Sikilizeni Michael anavyoimba "Give Love on Christmas Day". Jermaine ana ile sauti yake nzito ya kubembeleza, anaimba kama kijana anayeijua sikukuu. Michael anapoingia, kuna hamu ambayo si ya kuigiza, na kila nikimsikiliza naona mtoto anayezitazama taa za nyumba za jirani. Mwaka 2003 kilirushwa kipindi cha televisheni cha video zake za nyumbani, na humo mnamwona akiwa mtu mzima, ameandaliwa Krismasi na rafiki yake Elizabeth Taylor, anashangaa mti na zawadi kama mtoto. Aliacha Mashahidi mwaka 1987. Ukishaiona video hiyo huwezi tena kuisikiliza albamu kwa masikio ya zamani.

#14 Kwaya_Mwanza

Gitaa_Bovu, unamsikiliza mtoto wa 1970 kwa masikio ya mtu aliyeona video ya 2003. Kijana huyohuyo aliimba "I Want You Back" akimlilia mpenzi aliyemwacha kwa uzembe wake, na wakati huo hajatimiza miaka 12. Je, tuseme naye alikuwa na majuto ya ndoa? Kipaji chake kilikuwa kuingia ndani ya hisia asiyoijua akaifanya iaminike. Hamu unayoisikia ni ileile aliyoiweka katika kila wimbo aliopewa.

#15 Gitaa_Bovu

Basi twende na jibu lako, mkuu: aliyeweza kuigiza mapenzi bila kuyajua aliweza pia kuigiza Krismasi bila kuijua. Hapo umenipa ninachokitaka, kwa sababu maana yake ni kwamba hakuijua.

#16 Tanga_Raha

Samahani kwa kuingia pembeni kidogo. Huku kwetu Tanga, albamu ya Krismasi kwa kizazi chetu ni Jim Reeves na Boney M. Ukisikia "Mary's Boy Child" ujue duka limeanza kupandisha bei. Jackson 5 tulikuja kuwajua kwa Krismasi baadaye sana, ingawa nyimbo zao nyingine tulikuwa nazo. Inawezekana ndiyo sababu sisi hatukuwahi kuona mkanganyiko huu.

#17 KinandaChaBabu (mleta uzi)

Tanga_Raha karibu, ila Boney M nao tuwafungulie uzi wao, maana nao wana yao.

Nimefuata hoja zote. Ya Mama_Tukuyu inaeleza kwa nini Motown ilitaka albamu, lakini haielezi kwa nini nyumba ilikubali. Ya Kwaya_Mwanza inaeleza namna watoto walivyoweza kuimba, lakini si namna walivyoruhusiwa. Kwa hiyo bado nasimama na baba. Joseph alikuwa mwendesha kreni katika kiwanda cha chuma huko Indiana, na nyumba yao mjini Gary ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala ikiwa na watoto tisa. Mtu aliyetoka hapo hakuwa wa kuirudishia Motown albamu kwa sababu ya mafundisho ambayo yeye mwenyewe hakuyashika.

#18 Hakiki

Mleta uzi, umesahau kipande kimoja cha hesabu. Jackie alizaliwa 1951 na mama aliongoka 1963. Kabla ya hapo Katherine alilelewa katika Ubaptisti. Ina maana kaka mkubwa alikuwa na takriban miaka 12 nyumba ilipobadilika, Tito alikuwa na tisa au kumi, na Jermaine naye alikuwa na akili ya kukumbuka. Kwa hiyo kusema kwamba kundi zima liliimba sikukuu lisiyoijua si sahihi. Kundi lilikuwa na watu wa aina mbili: wakubwa waliokuwa na umri wa kukumbuka nyumba ilivyokuwa kabla ya 1963, na wadogo, Marlon na Michael, ambao utoto wao karibu wote ulikuwa wa Jumba la Ufalme. Gitaa_Bovu anaposema Jermaine anaimba kama anayeijua sikukuu na Michael kama anayeitamani, inawezekana masikio yake hayakumdanganya.

#19 FundiRedio_77

Hakiki ukiacha kutukagua umri, uzi huu utakosa ladha. Niwaulize, hao wakubwa wenye kumbukumbu walishindwa nini kuwaambia Motown kwamba mama hapendi? Jackie alikuwa na miaka 19, umesema mwenyewe.

#20 Santuri_na_Sindano

Narudi na hoja nyingine kwa kuwa ile ya kwanza mmeipiga mawe. Acheni nyimbo za zamani, tazameni zile zilizoletwa mpya. "Give Love on Christmas Day" ni kazi ya The Corporation, lile jopo la watunzi wa Motown lenye Berry Gordy, Freddie Perren, Fonce Mizell na Deke Richards, wakishirikiana na Christine Yarian. Walikuwa na uhuru wa kuandika chochote, wakaandika kwamba zawadi za dukani si kitu, mtu apewe upendo. Hakuna hori, wala habari yenyewe si ya Baba Krismasi. Shahidi wa Yehova anaweza kuusikiliza wimbo huo akatikisa kichwa kwa jina la siku tu. Nasema watu wa Motown walikuwa wanaijua nyumba ile, na pale walipokuwa na kalamu wenyewe waliandika kitu ambacho mama angeweza kukistahimili.

#21 Mama_Tukuyu

Mkuu, mwaka 1980 Temptations waliurekodi wimbo huohuo, na albamu yao ya Krismasi ya mwaka huo waliipa jina "Give Love at Christmas". Hakuna aliyewahi kudai kwamba iliandaliwa ili mama wa Temptations aistahimili. Wimbo wa Krismasi unaosema upendo ni bora kuliko zawadi ndio wimbo rahisi kuliko yote kuuza, kwa kuwa anaununua mwenye zawadi na asiye nazo. Hoja hii nayo haisimami, lete ya tatu. Na kabla hujaileta, mjibu kwanza FundiRedio kuhusu Jackie, kwa sababu swali lake limepita kimyakimya na ndilo gumu kuliko yote.